Modeli ya Utendaji wa Ugunduzi wa Huduma katika Mtandao Mdogo wa Kompyuta: Mfano wa Shule katika Mji Mdogo wa Makongolosi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuunda modeli ya utendaji wa ugunduzi wa huduma katika mtandao mdogo wa kompyuta ulio mbali na vituo vikuu vya data. Ugunduzi wa huduma ni hatua ambayo kwayo kifaa hutambua kwamba huduma fulani, kama vile seva ya vitabu au printa, ipo mtandaoni, na hupatikana katika anwani ipi. Kwa kutumia mfano wa shule ya sekondari katika Mji Mdogo wa Makongolosi, Wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, makala yanaonesha kwamba wastani wa muda wa kusubiri, kipimo kilichozoeleka, huficha makosa mawili yanayomuumiza mtumiaji: kukosa huduma iliyopo na kuoneshwa huduma isiyokuwapo. Inahitimishwa kwamba mahali daftari la huduma lilipo na idadi ya matangazo ya huduma inaporejea vina uzito kuliko kasi ya njia ya intaneti.

1.0 Utangulizi

Makongolosi ni mji wa wachimbaji ulio katika eneo la dhahabu la Lupa, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920. Mgeni anayefika huko kwa basi kutoka Mbeya kupitia Chunya, akiwa anatafuta karasha la kusaga mawe yake, ana njia tatu. Anaweza kusimama sokoni na kuuliza kila anayepita. Anaweza kwenda kwa balozi wa nyumba kumi anayejua nani anafanya nini katika eneo lake. Au anaweza kutulia hadi mwenye karasha apite akijitangaza. Kila njia ina gharama yake. Kuuliza watu wote kunachosha mji mzima. Kumtegemea balozi kunashindikana siku ambayo balozi hayupo. Na kusubiri tangazo hakuna mwisho unaojulikana. Lipo pia tatizo la nne: karasha huhama kufuata machimbo, na aliyeelekezwa wiki iliyopita huenda akakuta uwanja mtupu.

Kompyuta zilizounganishwa katika mtandao hukabiliwa na mambo hayohayo. Kishikwambi kinachotaka kufungua kitabu kilichohifadhiwa katika seva ya shule hakizaliwi kikijua seva hiyo iko wapi. Ni lazima kiulize, kielekezwe au kisikie tangazo. Hatua hii hupita kwa sehemu ndogo ya sekunde mambo yanapokuwa sawa, na kwa sababu hiyo husahaulika. Inaposhindikana, mwalimu husema kuwa "mtandao hakuna", ingawa seva imewashwa, waya zimechomekwa na taa zote zinawaka.

Lengo la makala haya ni kueleza modeli inayoweza kukadiria mara ngapi na kwa muda gani hali hiyo hutokea, na kubainisha ni uamuzi upi wa kiufundi unaoipunguza.

2.0 Usuli wa Tatizo

Tangu kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, ikifuatiwa na EASSy mwaka 2010, na tangu Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza kufikishwa mikoani, mjadala wa mawasiliano vijijini umejikita katika kufikisha njia na kuongeza kasi yake. Mradi wa ICT4RD uliofanyika Bunda na Serengeti, mkoani Mara, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Uswidi, ni mfano mzuri wa juhudi hizo. Kazi hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, inaacha swali la kinachotokea ndani ya jengo baada ya njia kufika, na hasa njia hiyo inapokatika.

Swali hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa vifaa vimeongezeka shuleni. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ya sensa kukamilika. Aidha, zipo programu kama Kolibri, zilizoundwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti ya uhakika, ambazo huweka vitabu na mazoezi katika seva ya ndani ili vifaa vya darasani visome humo. Mpangilio huo unafaa kwa sharti moja: kifaa kiweze kuipata seva.

3.0 Mapitio ya Mifumo na Kazi Tangulizi

Katika miaka ya mwanzo ya mtandao wa ARPANET, majina ya kompyuta zote yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa katika taasisi ya SRI huko California, na kila kituo kililazimika kulinakili. Mtandao ulipokua, nakala zilianza kupishana na hali halisi. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alipendekeza mfumo wa majina ya vikoa, DNS, ambao uliligawa daftari hilo katika seva nyingi na kuipa kila rekodi muda wa uhai. Muda huo ukiisha, aliyehifadhi rekodi hulazimika kuuliza upya. Wazo la muda wa uhai ndilo kiini cha sehemu kubwa ya uchambuzi unaofuata.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilijitokeza mifumo iliyolenga huduma zenyewe badala ya majina ya kompyuta. SLP, iliyosanifishwa katika waraka RFC 2608 wa mwaka 1999, ina wahusika watatu: anayetafuta, anayetoa huduma na daftari lililo kati yao. Jini ya kampuni ya Sun Microsystems ilifuata muundo unaokaribiana na huo. Kwa upande mwingine, mDNS, iliyoelezwa na Stuart Cheshire na Marc Krochmal katika waraka RFC 6762 wa mwaka 2013, haina daftari kabisa. Kifaa hutuma ulizo kwa kundi zima la vifaa katika mtandao wa ndani, na mwenye huduma hujibu. Kolibri, iliyotajwa hapo juu, hutumia utaratibu huu kutambua vifaa vilivyo jirani.

Katika uwanja wa modeli, kazi za Christopher Dabrowski na Kevin Mills wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, zilizochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndizo zilizoweka msingi. Walilinganisha muundo wa wahusika wawili na ule wa wahusika watatu pale mawasiliano yanapokatika, wakapima mambo matatu: wepesi wa kupata taarifa mpya, uhakika wa kuipata, na idadi ya ujumbe unaotumika. Makala haya yanafuata mkabala huo, yakiupeleka katika mazingira ambayo kukatika kwa njia na kwa umeme ni hali ya kawaida ya kazi.

4.0 Modeli na Uchambuzi

Mtandao unaochukuliwa kama mfano una seva moja, kifaa kimoja cha kurushia Wi-Fi, vishikwambi 20 na huduma 6, zikiwamo maktaba, mazoezi, uchapaji na saa ya mtandao. Kipindi cha darasani ni dakika 40. Thamani zinazotumika ni za mfano, zimechaguliwa ili kuonesha mwenendo wa modeli. Si vipimo vilivyochukuliwa katika shule yoyote. Anayetaka kutumia modeli kwa shule mahususi ataweka thamani alizopima mwenyewe.

4.1 Mahali pa Daftari

Tuchukulie kwanza kwamba daftari la huduma liko katika kituo cha data Dar es Salaam. Uwezekano wa kishikwambi kuipata seva, U, ni zao la mambo matatu: uwezekano wa seva kuwa imewashwa, S; uwezekano wa daftari kufanya kazi, D; na uwezekano wa njia ya intaneti kuwapo, N. Yaani:

U = S × D × N

Ikiwa S ni 0.95, D ni 0.99 na N ni 0.90, basi U ni 0.846. Daftari likihamishiwa ndani ya seva ileile ya shule, D na N hutoka katika mlinganyo na U huwa 0.95. Tofauti ni takribani 0.10. Kwa maneno mengine, katika kila vipindi 100, karibu 10 hupotea wakati seva imewashwa na iko hatua chache kutoka kwa wanafunzi, kwa sababu tu mahali pa kuulizia pako mbali.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. La kwanza, kasi ya njia haimo katika mlinganyo huu. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Hivyo njia ya kilomita 1,000 hutumia milisekunde 10 kwa kwenda na kurudi. Hata setilaiti iliyo katika obiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta hurejesha jibu kwa karibu nusu sekunde. Mwanafunzi hawezi kulalamikia nusu sekunde; atalalamikia kutopata kitu. La pili, kuweka daftari katika mashine moja na huduma kwaweza kuonekana kama kosa, kwani umeme ukikatika vyote huzimika pamoja. Lakini daftari linalozimika pamoja na huduma yake halisababishi hasara ya ziada: wakati huo hakuna cha kutafuta. Hasara hutokea pale daftari linapozimika peke yake. Kwa hiyo, dhana ya kwamba hitilafu hutokea bila kuhusiana, ambayo hurahisisha hesabu katika modeli nyingi, hapa ingempotosha msanifu.

4.2 Kuuliza Bila Daftari

Katika mDNS, ulizo hupelekwa kwa kundi zima. Wi-Fi haithibitishi kupokewa kwa ujumbe wa kundi, hivyo pakiti iliyopotea haitumwi tena na kifaa cha kurushia; anayeuliza ndiye hurudia. Maulizo hutumwa yakiwa na nafasi ya angalau sekunde 1, kisha nafasi hiyo huongezeka angalau mara mbili kila safari. Kwa kuchukua nafasi fupi inayoruhusiwa, maulizo hutoka katika sekunde ya 0, 1, 3, 7, 15 na kuendelea.

Tuite p uwezekano wa pakiti moja kupotea. Ulizo hufaulu iwapo lenyewe na jibu lake vyote vimefika. Uwezekano wa kushindwa, f, ni:

f = 1 − (1 − p)²

Kwa p ya 0.20, f ni 0.36. Jumla ya muda wa kusubiri ikizidishwa kwa uwezekano wa kila hatua hutoa matokeo mafupi: wastani wa kusubiri ni f ÷ (1 − 2f) sekunde, bila kuhesabu milisekunde 20 hadi 120 ambazo mjibuji huweza kujizuia ili majibu yasigongane. Kwa f ya 0.36, wastani ni sekunde 1.3, kiasi kinachovumilika.

Mlinganyo huo una onyo ndani yake. Kadiri f inavyokaribia 0.5, kigawanyo hukaribia sifuri. Kwa f ya 0.45 wastani ni sekunde 4.5, kwa 0.49 ni sekunde 24.5, na kwa 0.5 hauna kikomo katika nadharia, ingawa kwa vitendo mDNS huruhusu nafasi kati ya maulizo iishie dakika 60. Thamani hiyo ya f hufikiwa pakiti zinapopotea kwa karibu asilimia 29, jambo linalowezekana katika chumba kikubwa chenye kifaa kimoja cha kurushia na kuta nene.

Je, mtumiaji huona mporomoko huo? Kwa kiasi kikubwa haoni. Ikiwa kikomo cha uvumilivu ni sekunde 5, kishikwambi hupata nafasi ya maulizo matatu, na uwezekano wa kufaulu ni 1 − f³. Kwa f ya 0.36 ni 0.953; kwa 0.45 ni 0.909, kwa 0.49 ni 0.882. Wastani umepanda karibu mara 19, ilhali wanaofanikiwa ndani ya muda wamepungua kutoka 95 hadi 88 kati ya 100. Wastani unavutwa na wachache waliokosa mara nyingi mfululizo. Mwanafunzi hasubiri wastani: ama kitabu kimefunguka kabla hajakata tamaa, ama hakikufunguka. Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni uwezekano wa kupata jibu kabla ya kikomo.

4.3 Muda wa Uhai na Jibu Lililochakaa

Kifaa kikishapata jibu hulihifadhi. mDNS inapendekeza muda wa uhai wa sekunde 120 kwa rekodi zinazohusu jina na anwani ya kompyuta, na dakika 75 kwa rekodi nyingine, ikiwamo orodha ya huduma zilizopo. Huduma inayozimwa kwa utaratibu hutuma ujumbe wa kuaga, na vifaa huifuta. Umeme unapokatika hakuna kuaga.

Kifaa chenye haja na rekodi huanza kuihuisha inapofikia asilimia 80 ya muda wake, L. Hivyo, ajali ikitokea wakati wowote, umri wa rekodi huwa kati ya 0 na 0.8L, na muda uliobaki ni kati ya 0.2L na L. Wastani wake ni 0.6L. Kwa L ya dakika 75, orodha huendelea kuonesha huduma isiyokuwapo kwa wastani wa dakika 45, muda unaozidi kipindi kizima cha darasani. Uwezekano wa jibu hilo lililochakaa kudumu zaidi ya dakika 40 ni 0.58. Itifaki inaruhusu kifaa kilichoshindwa kuunganishwa kiulize upya na kuifuta rekodi iwapo hakuna jibu ndani ya sekunde 10, lakini hilo hutegemea kama mwandishi wa programu ameliweka.

Tiba inayofikiriwa mara moja ni kufupisha muda wa uhai. Gharama yake hukadiriwa hivi: vishikwambi V vinavyohuisha huduma H huleta maulizo VH ÷ 0.8L kwa sekunde. Tukichukulia kwamba ulizo na jibu lake pamoja ni baiti 500, na kwamba ujumbe wa kundi hurushwa kwa megabiti 1 kwa sekunde, kila jozi hushika hewa kwa milisekunde 4. Kwa V ya 20, H ya 6 na L ya sekunde 120, jozi ni 1.25 kwa sekunde, sawa na asilimia 0.5 ya muda wa hewa. Hiyo ni gharama ndogo. Lakini kwa chuo chenye vifaa 200 na huduma 30, jozi ni 62.5 kwa sekunde, na robo ya muda wa hewa huliwa na maulizo kabla hajasomwa ukurasa hata mmoja. Makadirio haya ni ya juu, kwa kuwa mDNS huruhusu vifaa kunufaika na jibu lililoombwa na mwenzao. Hata hivyo yanaonesha kwamba gharama hukua kwa zao la idadi ya vifaa na huduma, si kwa jumla yake. Kinachofaa shule ndogo kinaweza kukilemea chuo. Kwa shule ya mfano, L ya dakika 10 hushusha wastani wa uchakavu hadi dakika 6 kwa gharama ya asilimia 0.1 ya muda wa hewa.

4.4 Huduma Inaporejea

Umeme ukirudi, seva huwaka na huenda ikapewa anwani mpya. Hapo hujitangaza ili vifaa vibadilishe rekodi ya zamani. Kiwango cha chini ni matangazo mawili, yakiachana kwa sekunde 1. Kwa p ya 0.20, kishikwambi kimoja hukosa yote mawili kwa uwezekano wa 0.04, unaoonekana kuwa mdogo. Lakini uwezekano wa vishikwambi vyote 20 kusikia ni 0.96 kwa kipeo cha 20, yaani 0.44. Zaidi ya nusu ya nyakati, angalau mwanafunzi mmoja hubaki na anwani iliyokwisha kuhama.

Itifaki inaruhusu hadi matangazo manane. Yakiwa manne, yanayotolewa ndani ya sekunde 7, uwezekano wa kifaa kimoja kukosa yote hushuka hadi 0.0016, na wa vyote 20 kusikia hupanda hadi 0.97. Pakiti mbili za ziada, zinazotumwa mara moja tu kila seva inapowaka, zinafanya kazi ambayo kufupisha muda wa uhai kungeifanya kwa maulizo yasiyokoma siku nzima.

5.0 Mjadala

Matokeo haya yakiwekwa pamoja yanaonesha makosa mawili yanayovutana. Muda mrefu wa uhai hupunguza kosa la kwanza, la kukosa kilichopo: daftari la mbali likikatika, kifaa huendelea kutumia jibu kilicholihifadhi. Lakini muda huohuo huongeza kosa la pili, la kuoneshwa kisichokuwapo. Kufupisha muda hugeuza mizani upande wa pili. Msanifu anayebadilisha muda wa uhai peke yake hapunguzi madhara. Anachagua tu nani ataumia, anayekatikiwa njia au anayehamiwa na huduma.

Hatua mbili ndizo zinazopunguza makosa bila kuongeza upande wa pili. Ya kwanza ni kulisogeza daftari karibu na huduma, ili vitu vinavyofanya kazi pamoja vishindwe pamoja. Ya pili ni kurudia tangazo pale hali inapobadilika. Zote mbili hazihitaji njia ya kasi zaidi, wala kifaa kipya. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Modeli inaongeza kwamba mbiu ikilia mara mbili katika kijiji chenye kelele, wapo watakaolala bila kusikia.

Matokeo haya yana maana pia kwa wanaonunua mifumo. Mkataba unaotaja kasi ya njia tu haumlindi mwalimu wa Makongolosi. Swali la kuuliza kabla ya kupokea mfumo ni hili: waya wa intaneti ukichomolewa, je, vishikwambi bado vinaiona seva iliyo chumbani? Jaribio hilo huchukua dakika moja na halihitaji mtaalamu.

6.0 Mipaka ya Modeli

Modeli imechukulia kwamba pakiti hupotea moja moja bila kufuatana. Katika Wi-Fi, upotevu huja kwa vishindo: jenereta ya jirani ikiwashwa au darasa la pili likiingia mtandaoni, pakiti kadhaa hupotea kwa mkupuo. Hali hiyo hupunguza faida ya matangazo yanayofuatana kwa karibu, na ndiyo sababu ya kuyaachanisha kwa nafasi zinazokua. Aidha, modeli haikugusa usalama. Mfumo unaomwamini yeyote anayejibu ulizo unaweza kudanganywa na kifaa kinachojifanya seva ya shule, na suala hilo linahitaji uchunguzi wake.

7.0 Hitimisho

Makala yamefafanua modeli nne ndogo zinazoeleza utendaji wa ugunduzi wa huduma: mahali pa daftari, kurudia ulizo, uchakavu wa jibu na kurejea kwa huduma. Kwa mtandao wa ukubwa wa shule, inapendekezwa daftari liwe ndani ya jengo, au lisiwepo kabisa pale mDNS inapotosha. Muda wa uhai wa orodha uwe karibu dakika 10. Matangazo ya kurejea yawe manne. Na utendaji upimwe kwa uwezekano wa kupata jibu sahihi ndani ya sekunde 5. Hatua inayofuata kwa mtafiti ni kupima p na N katika shule halisi za Wilaya ya Chunya, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, ili thamani za mfano zilizotumika hapa zibadilishwe na za kweli.